Sifuri ya Mwisho Isikutishe

Kwenye kubeti mbio za farasi, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, farasi huyu ana 111, yaani kashinda mara tatu mfululizo, nimwekee?" Nami hurudisha swali: hizo moja tatu kazipata wapi, dhidi ya nani, na akiwa amebeba uzito gani?

Kwenye ratiba za mbio za Uingereza, karibu na jina la farasi utakuta tarakimu kama hizi: 231-60. Kila tarakimu ni nafasi aliyomaliza katika mbio moja. Zinasomwa kushoto kwenda kulia, na mbio za karibuni kabisa ndizo za mwisho kulia. Kistari kinatenganisha msimu uliopita na huu. Sifuri ni kwamba alimaliza wa kumi au nyuma zaidi. Ukiona P, jokii (mpanda farasi) alimsimamisha njiani, F, alianguka. Mgeni akiona 60 anampita farasi huyo haraka. Mimi ndipo ninapovuta kiti.

Kwanza nauliza ardhi ilikuwaje. Farasi wa ardhi kavu akikimbizwa kwenye tope, matokeo yake hayaniambii chochote kuhusu uwezo wake. Kisha umbali: aliyezoea maili moja akipelekwa maili moja na nusu, mara nyingi utamwona yuko mbele vizuri, halafu mita 200 za mwisho pumzi zinakata. Namba inasema wa sita. Video inasema alikimbizwa mbali mno.

Uzito ndio unaowaponza wengi. Katika mbio za kusawazisha uzito, kila farasi hubebeshwa kulingana na uwezo wake, na anayeshinda huongezewa. Kwa maili moja tunakadiria pauni 2 kwa kila urefu wa farasi mmoja. Sasa piga hesabu: kashinda kwa urefu mmoja, kaongezewa pauni 6, yaani urefu wa farasi watatu. Akirudiana na yule aliyemaliza wa pili nyuma yake, kwenye karatasi yuko nyuma kwa urefu wa wawili. Na bado watu wanamkimbilia kwa sababu ya ile 1! Nami nimeshaliwa hivyo. Niliweka pesa nzuri kwa farasi wa 111, akaja wa saba. Nilipokagua baadaye, ushindi wote watatu ulikuwa dhidi ya farasi dhaifu, na siku ile alipandishwa daraja. Ningeyaona hayo kwa dakika tano tu za kusoma.

Hata bingwa ana siku yake mbaya. Aprili 1973, huko New York, farasi Secretariat alimaliza wa tatu katika mbio za Wood Memorial, nyuma ya Angle Light, farasi ambaye walikuwa na mkufunzi mmoja. Sababu? Alikuwa na jipu mdomoni. Hebu fikiria lijamu ikivutwa juu ya jipu. Wiki mbili baadaye alishinda mbio kubwa za Kentucky Derby kwa dakika 1 na sekunde 59.4, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, na Juni akashinda mbio za Belmont kwa urefu wa farasi 31.

Ila usidhani aliyembetia kwenye Derby alitajirika. Aliyeweka dola 2 alipokea dola 5 tu, maana umma bado ulimwamini. Kisingizio kinachojulikana na kila mtu huwa kimeshaingia kwenye bei, yaani kiasi utakacholipwa farasi akishinda. Ninachokitafuta mimi ni kile ambacho wengi hawajasumbuka kukichimba.

Turudi kwa yule wa 231-60. Tuseme ile 6 na ile 0 zote alizipata kwenye tope, kwa maili moja na nusu, na Jumamosi hii anarudi maili moja, ardhi kavu, akiwa amepunguziwa pauni 5. Bei yake ikiwa bado nono, dau langu lipo. Mvua ikinyesha Ijumaa usiku, nalirudisha mfukoni.