Kwa nini "dari" na "kiburi" havitoshi katika wimbo wa watoto

Kiswahili kinatoa vina bure. Karibu kila neno linaishia kwa irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, kwa hiyo mtunzi anayeanza hukusanya maneno ya "-ri" na kudhani kazi imekwisha. Kwa shairi la kusomwa, kina cha "-ri" kimetimia. Kwa wimbo wa kuchezwa, nasema bado.

Sababu ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo wa wimbo huangukia hapohapo. Ukiimba "dari" kisha "kiburi", sikio linapokea DA na BU. "Ri" inapita kimya. Ukiimba "dari" na "hatari", DA na TA zinaitana kabla hata neno halijaisha. Ndiyo maana mtoto hucheka kwa jozi ya pili. Bahati nzuri familia hii ni kubwa: sukari, habari, safari, bahari, tayari. Nyingine ya kutegemewa ni ya "-abu": babu, kitabu, hesabu, adabu.

Kina kikishapatikana, hesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Tazama huu:

Paka kapanda dari,
panya wanaona hatari.

Vina ni vizuri, lakini mstari wa kwanza una mizani 7 na wa pili 9. Waimbaji watakimbiza "wanaona" na makofi yatapotea. Badilisha:

Paka kapanda dari,
panya wako tayari.

Sasa ni 7 kwa 7, na kisa kimenoga zaidi, maana hatujui panya wako tayari kwa lipi. Katika kuhesabu, angalia "m" inayosimama peke yake: "mtoto" ni mizani 3, "mbwa" ni 2 (m-bwa), lakini "mbuzi" nayo ni 2, kwa kuwa "mbu" ni silabi moja.

Kosa ninaloliona sana kwenye nyimbo za kizazi kipya ni kina cha viambishi: tukipendana, tukishikana, tukijuana. Hapo sarufi ndiyo imetunga, si msanii. Mistari miwili inavumilika. Kufikia wa nne msikilizaji anajua kinachokuja. Vivyo hivyo nyumbani, mtaani, kazini. Dawa yake ni kuoanisha nomino na kitenzi: "pesa" na "anatesa", "daladala" na "kalala". *Ndani ya daladala, abiria kalala.* Maneno ya aina mbili tofauti yakikutana kwa sauti, mshangao unabaki.

Lakini nyimbo za watoto tulizorithi mara nyingi hazitegemei kina cha mwisho hata kidogo. Chukua "Ukuti, ukuti, wa mnazi, wa mnazi, ukipata upepo, watete, watete, watetemeka." Mnazi, upepo, watetemeka: hakuna vina hapo. Utamu wote uko kwenye lile neno lililokatwa. "Watete" inaimbwa mara mbili, neno halikamiliki, watoto wanangoja, ndipo "watetemeka" inafunguka nzima. Tena neno lenyewe lina "te-te" ndani yake, yaani linatetemeka mdomoni. Huu ni ufundi wa hali ya juu, na ningependa wasanii wetu wauige kuliko kuongeza "-ana" nyingine.

Ukitaka kujaribu mbinu hiyo, chagua kitenzi cha silabi nne au zaidi chenye sauti inayojirudia, kama "gugumia" au "nyenyekea", ukikate baada ya silabi ya pili. Tanakali, yaani maneno ya kuigiza sauti au kukazia sifa, nazo husaidia: nyeupe pe, nyekundu ndu. Hapo silabi ya mwisho inajirudia yenyewe, kwa hiyo mwachie mtoto aimalizie. Wewe imba "nyekundu", nyamaza pigo moja, yeye ajibu "ndu". Usimrukie kwa mstari unaofuata kabla hajajibu.

Mwisho, chunga muziki usihamishe mkazo. "Barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari. Ukiuvuta hadi ya pili umesema "sawasawa".