Tumbo la David Hume na madaktari wa karne ya 18

Mtu akiumwa tumbo Uingereza wakati ule, daktari alianzia wapi?

Alianza kwa kuuliza, na mara nyingi kwa barua. Daktari William Cullen wa Edinburgh, Scotland, alitibu wagonjwa wengi ambao hakuwahi kuonana nao. Walimwandikia choo kikoje, wanakula nini, wanalala vipi, naye akawajibu kwa ushauri na dawa. Kumlaza mgonjwa na kumbonyeza tumbo halikuwa jambo la kila siku.

Walitumia dawa gani?

Zaidi za kuharisha, maana waliamini mwili una uchafu wa kutolewa: sanamaki, mafuta ya mbarika, chumvi za kuharisha. Wengine walitolewa damu mshipani. Afyuni ilipunguza maumivu na kuhara kweli, kwa sababu hupunguza mwendo wa utumbo. Iliyonisikitisha zaidi ni kalomeli, dawa yenye zebaki: mgonjwa alitokwa mate mengi, fizi zikavimba, meno yakalegea, na daktari akaona dawa inafanya kazi!

Hume alipatwa na nini?

Mwanafalsafa huyu wa Scotland alianza kuugua tumbo mwaka 1775. Mwaka uliofuata, daktari John Pringle wa London alisema utumbo mpana umebana, akamshauri aende kwenye chemchemi za maji ya moto za mji wa Bath. Kule daktari mwingine akasema ni nyongo. Kisha akapita mpasuaji John Hunter, akamgusa tumbo kwa mkono, akahisi uvimbe kwenye ini. Ubishi wote ule, na jibu lilikuwa chini ya vidole! Hata hivyo tiba haikuwepo. Hume alifariki tarehe 25 Agosti 1776.

Sisi leo tufanyeje?

Anayeharisha asipewe dawa ya "kusafisha tumbo", hata ya asili. Anapoteza maji na chumvi. Mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji safi), uichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiona damu kwenye choo, ukikonda bila sababu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, nenda hospitali.

Nikifika, nimwambie nini daktari?

Usione haya: taja rangi ya choo, ulaini wake, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Taja na dawa za kienyeji ulizokunywa. Akitaka kukupima tumbo, lala chali, kunja magoti na upumue taratibu ili misuli ilegee, vidole vyake vifike ndani.