Avangadi: neno lililotoka vitani

Picha isiyo na kichwa wala miguu ikitundikwa ukutani, hakosi mtu wa kusema, "Hiyo ni avangadi." Wengi huamini maana yake ni sanaa isiyoeleweka. Sivyo. Avant-garde ni neno la kijeshi la Kifaransa: kikosi cha mbele, askari wachache wanaotangulia kupeleleza njia. Na kikosi cha mbele hakiwi hivyo pasipo jeshi linalokuja nyuma.

Wengine husema lilizuka miongoni mwa wachoraji wa karne ya 20. Hapana. Mwaka 1825 wafuasi wa Saint-Simon, mwanafikra wa Kifaransa, walichapisha kitabu chenye mazungumzo ya watu watatu: msanii, mwanasayansi na mwenye viwanda. Msanii anawaambia wenzake kuwa wasanii ndio watakaokuwa kikosi chao cha mbele, kwani wana silaha za kila aina: wazo jipya hulichonga kwenye marumaru, hulichora kwenye turubai, hulisambaza kwa shairi na wimbo. Mara nyingi maneno hayo huhesabiwa kuwa ya Saint-Simon mwenyewe, ila watafiti wengi humtaja mwanafunzi wake, Olinde Rodrigues. Hapa ndipo ninapopapenda mno. Hakuna panapotajwa mtindo wa ajabu. Kinachotajwa ni kuwatumikia watu. Maana ya kujaribu maumbo mapya ilikuja baadaye.

Wala si kila msanii aliyelifurahia neno hilo. Mshairi wa Kifaransa Baudelaire, katika maandishi yake ya faragha, alilalamika kwamba Wafaransa wanapenda kupita kiasi istiari za kijeshi.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: avangadi ni kimbilio la wasiojua kuchora. Mwaka 1897, akiwa na miaka 15, Picasso alichora mgonjwa kitandani: daktari ameshika kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa, anahesabu mapigo, upande wa pili mtawa amempakata mtoto, anamnyooshea mgonjwa kikombe. Kila kitu kiko mahali pake. Aliyekuja kuvunja sura za watu alikuwa ameziweza kwanza.

Hata kwetu shutuma hiyo ilisikika. Mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipochapisha mashairi huru mwaka 1974, wanamapokeo, watetezi wa kanuni za kale za ushairi, walikataa kuyaita mashairi, kwa kuwa hayana vina wala mizani. Nyuma yake walikuja wengine, Kithaka wa Mberia wa Kenya akiwemo, wakaipita njia hiyo hiyo.