Kupima koo kwa mwanga: maswali tunayoulizwa Moshi

Saratani ya koo mnayoisema ni ipi?
Ile ya umio, njia inayopitisha chakula kwenda tumboni. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, una wagonjwa wengi, na wengi hufika hospitali wakiwa wanamudu uji tu.

Mwanga unaonaje kitu ambacho mgonjwa hajakihisi?
Saratani haianzi na uvimbe. Huanzia kwenye seli: viini vyake vinakua na kubanana, na vijishipa vya damu vilivyo karibu vinabadili umbo. Mwanga ukipiga hapo haurudi kama unavyorudi kutoka kwenye seli zenye afya. Kuna kamera zinazotumia mwanga wa buluu na kijani. Damu hufyonza sana rangi hizo, hivyo vijishipa hukolea na sehemu yenye kasoro huonekana kama doa la kahawia.

Watafiti wamekwenda mbali zaidi. Adam Wax na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitumia mtawanyiko wa mwanga kupima ukubwa wa viini ndani ya umio. Ila wagonjwa wao walikuwa na umio ulioathiriwa na tindikali ya tumbo, na saratani inayotokana na hali hiyo si aina inayotusumbua zaidi huku. Tusiyabebe matokeo yale mazimamazima.

Kipimo hiki kinauma?
Mwanga hauumi, wala si eksirei. Kinachokera ni mpira wa kamera unaposhuka kooni, ndiyo maana koo hupuliziwa dawa ya ganzi.

Doa likionekana, ndiyo saratani?
Hapana. Linamwonyesha daktari pa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya umio. Jibu hutoka maabara, kwenye hadubini.

Na chai ya moto?
Mwaka 2016 IARC, shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, lilitamka kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai ikimiminwa kutoka kwenye chupa, iache ipoe kwanza. Sigara na pombe ni hatari zaidi.

Baba anasema ni vidonda vya tumbo tu. Tusubiri?
Msisubiri, nawasihi. Mtazameni mezani. Mtori unapita, kiburu kinabaki kwenye sahani. Kila tonge analisukuma kwa maji, nyama amemwachia mjukuu, mkanda umeongezwa tundu. Hapo mwambieni, "Baba, kesho tunakwenda wote." Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe rufaa ya kipimo cha kamera; hospitali ya KCMC hapa Moshi kinafanyika.