Kwa Nini Tope la Mikoko Ni Jeusi, Kisha Likianikwa Huota Kutu?

Maji yakipwa pale Kunduchi, Dar es Salaam, chimba shubiri moja chini ya mikoko. Juu tope ni la kahawia. Chini ni jeusi tii na linanuka yai viza. Lipake kwenye sahani nyeupe uliache: baada ya saa kadhaa weusi unapauka, halafu linaelekea rangi ya kutu. Kinachobadilika ni chuma.

Majani na mizizi iliyooza nusu hulundikana majini na kuwa mboji. Bakteria wanaoila humaliza oksijeni yote, kisha huigeukia kutu iliyomo udongoni na kuifanya chuma kinachoyeyuka. Baadaye hushika salfeti, chumvi yenye salfa iliyomo katika maji ya bahari, ambayo ni kama gramu 2.7 kwa lita, na kutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza. Gesi hiyo ikikutana na chuma, huzaliwa salfaidi ya chuma, nyeusi kama masizi. Salfaidi hiyo ikikaa muda mrefu hugeuka paraiti, madini ya chuma na salfa.

Mboji ina kazi nyingine isiyosemwa sana: asidi zake hukumbatia chuma kisizame, kikasafiri na maji ya mto yenye rangi ya chai kavu. Yakigusa chumvi ya bahari, sehemu kubwa ya chuma hicho huganda na kutuama mlangoni mwa mto.

Pakiwa na mboji nyingi na chuma kidogo, gesi hukosa wa kuidaka, ikaitia mizizi sumu. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hujilinda kwa mizizi yake inayochomoza kama penseli: hewa hushuka, oksijeni huvuja, na kutu hufunika mizizi ya chini. Pasua donge la tope uone vijia vyekundu kuizunguka.

Hatari huja eneo likikaushwa ili kujengwa. Paraiti ikipata hewa hutoa asidi ya salfuriki. pH, kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, hutoka karibu 7 hadi chini ya 4, asidi ikala zege na nondo, na maji yakitiririka huua samaki.

Kupima kabla ya kujenga si kazi ngumu. Kata kipande cha tope chenye unene wa sentimita 1, pima pH, kisha kiache wazi kivulini kikiwa na unyevu kwa angalau wiki 8, upime tena. Wengi hukosea kwa kukianika juani hadi kikakauka kau: bakteria wanaosaidia paraiti kutoa asidi husimama, na asidi haionekani. Chambua pia vipande vya kombe kwanza, maana chokaa yake huizima asidi na kulipa tope baya sura ya udongo salama.