Mbwa kupooza maana yake nini

Ukikuta mbwa asubuhi ya Julai pale Uyole, Mbeya, anajivuta kwa miguu ya mbele, ya nyuma inaburuzika kama gunia, hutakosa mtu wa kusema, "Huyo kapigwa na baridi." Huku Nyanda za Juu Kusini baridi imebebeshwa kesi nyingi isizozifanya. Mbwa mzee mwenye maungo mabovu ataamka amekakamaa kweli, lakini jua likitoka atatembea. Aliyepooza hata umwotee moto, miguu haiitiki.

Kupooza si jina la ugonjwa. Ni hali ya amri ya ubongo kutoufikia msuli. Amri hiyo hupita kwenye ugwe mgongo, ule uliomo ndani ya uti wa mgongo, kisha hushika neva hadi mguuni. Chukulia barabara kuu ya kwenda Zambia: malori yakigongana Iwambi, kati ya Makambako na Tunduma, mzigo wa Tunduma unakwama, Makambako maisha yanaendelea. Ndivyo ilivyo kwa mbwa. Akiumia katikati ya mgongo, miguu ya nyuma inapooza, ya mbele mizima. Akiumia shingoni, yote minne inaweza kwenda.

Mbwa wetu wengi wanaoletwa hivi wamegongwa na bodaboda au wamepigwa rungu mgongoni. Wale wa mgongo mrefu na miguu mifupi hupata tatizo jingine: diski, zile pedi za kati ya pingili za mgongo, hutokeza na kuubana ugwe, hata kama mbwa karuka tu kutoka kwenye kochi.

Sasa, kama hakuna aliyeona ajali, usimguse kwanza. Kichaa cha mbwa si lazima kije kwa kukimbiza watu. Kipo cha kimya: mbwa analegea, taya linaning'inia, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono. Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Mfungie peke yake, mwite daktari wa mifugo, na umwambie kama alichanjwa au la. Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na mate kwenye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo.

Kwa aliyegongwa, daktari atafinya kidole cha mguu uliopooza. Mguu unaweza kujikunja, na wewe utafurahi: "Anasikia!" Ngoja kidogo. Kujikunja kule kunaweza kufanywa na ugwe mgongo wenyewe, ubongo haujaambiwa kitu. Tazama uso. Akigeuka, akilia au akitaka kung'ata, maumivu yamefika kichwani, na matumaini ya kutembea tena ni makubwa. Akiendelea kutazama kuku wakati kidole kinabanwa kwa nguvu, hali ni mbaya.

Kumbeba, mlaze kwenye ubao, usimnyanyue kwa kwapa. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni, zile dawa za maumivu za nyumbani; zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Kinachowashinda wengi ni mkojo. Unaona godoro limelowa, unasema anakojoa vizuri, kumbe kibofu kimejaa hadi kinafurika. Daktari akuelekeze kwa mkono wako mwenyewe jinsi ya kukikamua taratibu, mara 3 au 4 kwa siku. Mgeuze ubavu kila baada ya saa 4 hadi 6, la sivyo nyonga zinatoka vidonda. Gunia lililojazwa maranda ya mbao, yale yanayotupwa Mafinga, ukalitandika blanketi kavu juu, ni kitanda kizuri kuliko sakafu ya saruji. Likilowa, badilisha.

Mwenye tatizo la diski lisilohitaji upasuaji hufungiwa sehemu finyu wiki 4 hadi 6, anatoka kujisaidia tu. Wiki ya pili anaweza kuanza kusimama na kutikisa mkia, na watoto watataka kumfungulia. Asifunguliwe.