Nimefungwa 7-6 kwenye meza niliyoitengeneza mwenyewe

Kazi yangu ni meza za pool. Navisha vitambaa vipya, nabadilisha raba za pembeni, nanyoosha meza zilizolala, nabandika ngozi kwenye ncha za fimbo, kuanzia Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya mjini mpaka Tukuyu na Tunduma, na Makambako mara mojamoja nikiitwa. Kucheza nacheza kawaida tu, wa jioni baada ya kazi. Shemeji yangu naye ni hivyohivyo, yeye ni mtu wa viazi, anapakia magari Uyole, na tumechezeana miaka sasa bila kujulikana nani zaidi maana leo kafunga huyu kesho yule na kila mtu anahesabu za kwake. Jumamosi tukasema tumalize ubishi, wa kwanza kufika gemu saba, anayefungwa analipia koini zote za meza na chipsi kuku mbili.

Nikafungwa 7-6. Kwenye meza ambayo kitambaa chake nimekivuta kwa mikono yangu mwezi wa kwanza. Mke wangu mpaka leo anacheka, na ni kaka yake kwahiyo sina pa kukata rufaa.

Sasa nieleze vizuri ilivyokwenda, maana wateja wangu wengi wanaonisoma humu ni watu wa aina yetu, wapigaji wa jioni, na naona mnapoteza gemu kwa sababu zilezile.

Kwanza sheria. Msianze kabla hamjakubaliana, hasa kama ni shemeji. Kuna baa ambazo nyeupe, yaani ule mpira unaogongwa na fimbo, ikizama mwenzio anapata shoti mbili, kuna nyingine anaichukua mkononi anaiweka anapotaka kama sheria za kimataifa zinavyosema, kuna sehemu nyeusi, ule mpira wa mwisho wa kumalizia gemu, lazima utaje shimo na nyingine popote sawa. Sisi tukakubaliana mkononi, na nyeusi unataja. Dakika mbili tu hizo, lakini nimeshaona watu wameshikana mashati Sokomatola kwa sababu ya shoti mbili.

Halafu nyeupe. Meza za koini zina shida moja watu hawaijui: mipira ikizama inafungiwa ndani mpaka ulipie tena, ila nyeupe lazima irudi, kwahiyo mashine inahitaji namna ya kuitambua. Meza nyingine wanaweka nyeupe yenye chuma ndani inavutwa na sumaku, nyingine nyeupe inakuwa kubwa kidogo, mipira ya kawaida ni milimita 57 nyeupe inakuwa 60 hivi. Ya pale ni hii kubwa. Sasa we umezoea kuangalia wazungu YouTube, anaupiga mpira katikati kabisa, nyeupe inagonga inasimama palepale kama imepigiliwa msumari. Hiyo ni kwa sababu mipira ina uzito sawa, ya kwanza inampa ya pili mwendo wote. Nyeupe ikiwa nzito zaidi inabakiwa na mwendo, haisimami, inasogea mbele, na kuivuta nyuma inakuwa kazi kwelikweli. Na ile ya kusema ukikata mpira (unaugonga ubavuni) bila spini, yaani bila kuizungusha nyeupe, basi nyeupe inaondoka kwa pembe ya nyuzi 90 na mpira uliougonga, hiyo ni kweli kwa mipira sawa tu. Kwa nyeupe nzito inaondoka kwa pembe ndogo zaidi, inaelekea mbele. Gemu ya pili nilijua haya yote vizuri kabisa na bado nyeupe ikanizamia shimo la kati, kwa sababu kujua ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine.

Breki, ile shoti ya kwanza ya kutawanya mipira, sitasema sana. Watu wanapiga kwa hasira kama wanaua nyoka. Mipira ikipangwa ikiwa na nafasi katikati yake hata upige vipi haitawanyiki, nguvu inapotelea humo kwenye nafasi, kwahiyo sukuma pembetatu vizuri kwa vidole ishikane. Alafu piga ule wa mbele katikati yake kabisa kwa nguvu unayoweza kuitawala, nyeupe ibaki katikati ya meza. Basi.

Baridi ndio nilipotaka kufika. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari na mwezi wa sita usiku inashuka chini ya nyuzi 10, na Uyole ndio usiseme, watu wanacheza na makoti. Raba ya baridi inakuwa ngumu, mpira ukigonga pembeni haurudi kwa nguvu uliyozoea mchana. Wanaocheza zile meza kubwa za snooker kwenye mashindano meza zao zinapashwa moto kwa chini, kuondoa unyevu kwenye kitambaa na kuifanya meza iwe ileile muda wote. Sisi wa kwetu kinachopasha meza ni jiko la mishkaki lililo mlangoni. Unyevu nao una mambo yake ila huo ni wa masika, na Tukuyu karibu mwaka mzima, kule kuna baa moja mpira unapiga unafia katikati ya meza kama umechoka njiani, mwenye baa ananiita kila baada ya miezi michache nibadili kitambaa na mi namwambia kila siku tatizo ni paa linalovuja, kitambaa hakina kosa.

Kwahiyo gemu ya tatu, nimebakiza mpira mmoja wangu na nyeusi, mpira uko upande wa dirishani, nikaupiga polepole kwenda shimo la kona. Ukagonga mdomo wa shimo upande wa kaunta ukakataa. Nikasema aah, chaki. Na sikudanganya, chaki tunayopaka kwenye ncha ya fimbo inaweza kufanya hivyo: punje ikikaa pale mipira inapogusana inaongeza msuguano na mpira unatupwa pembeni ya ulipolenga, ndio maana nawaambia futeni mipira, ikiwa michafu inatupwa zaidi. Nikachukua kitambaa nikafuta mipira yote mbele ya watu, fundi kabisa. Shemeji akaniangalia tu anakunywa soda yake.

Hapa kuna kitu lazima nikiri. Ile meza naijua siri yake. Mwezi wa kwanza nilipoinyoosha mguu mmoja bolti yake imelika nyuzi, haipandi wala haishuki, na sakafu ya pale imezama kidogo, nikafanya nilivyoweza ikabaki inalalia upande wa dirishani kama milimita moja kwa mita. Nikamwambia mwenye baa alete bolti nyingine, hajaleta mpaka kesho. Sasa milimita moja mtaona ni upuuzi, na ukipiga mpira kwa nguvu kweli ni upuuzi. Ila mpira wa polepole ni habari nyingine. Kwa hesabu ya juu juu, mpira unaobingirika kwenye mteremko huo, sekunde ya kwanza unahama milimita 3 na nusu tu. Ukitembea sekunde mbili unahama 14. Ukitembea sekunde nne unahama kama 56, yaani upana wa mpira wenyewe! Muda ukizidi mara mbili kuhama kunazidi mara nne, ndio maana meza mbovu inawaumbua wanaopiga taratibu na wapiga mabavu wala hawajui kama ni mbovu.

Shemeji sikumwambia. Sioni aibu, chipsi kuku mbili sio hela ndogo.

Tukaendelea, mbili mbili, tatu tatu, tukawa 4-3 naongoza. Gemu ya nane ndio ile ninayotaka muisome mara mbili. Nikabreki, ikaingia ndogo (sisi 1 mpaka 7 tunaita ndogo na 9 mpaka 15 kubwa), nikaanza kusafisha, moja, mbili, tatu, watu wameanza kusogea, nne, tano, sita, nikamaliza ndogo zote saba bila shemeji kushika fimbo. Baa nzima inapiga kelele. Nyeusi imejibana kwenye raba katikati ya kubwa zake mbili. Nikajaribu, nikakosa.

Mnajua nilichofanya hapo? Nimemwachia mtu meza tupu. Kubwa zake saba zimetandazwa, hamna hata mpira wangu mmoja wa kumzuia njia, na mi nina mpira mmoja tu wa kupiga kwahiyo hata nikipata zamu hana wasiwasi, ananificha nyeupe nyuma ya chochote nami napiga faulo. Wapigaji wa kwetu wanahesabu mipira iliyoingia. Mipira yako iliyobaki mezani ni askari wako, inaziba mashimo, inamkosesha mwenzio pembe, ukiiingiza yote kabla hujaona njia ya mpaka nyeusi umewastaafisha askari wote vita haijaisha. Ningeingiza mbili za kwanza, nikatumia wa tatu kuibandua nyeusi pale kwenye raba, na kama haibanduki basi nausogeza mpira wangu mmoja mdomoni mwa shimo lake nakaa kimya. Shimo lililozibwa na mpira wako ni lako.

Shemeji hilo analijua bila kufundishwa. Sijawahi kumuona akipiga shoti ya kushangaza, ila akikosa anakosa vizuri. Akiona haingii, anaupeleka mpira wake taratibu mdomoni mwa shimo na nyeupe anaiegesha mbali kwenye raba, ukija we unainama unajinyonganyonga fimbo iko juu kama unachimba dawa. Nyeupe ikiwa imebana kwenye raba unaweza kuigusa juu tu, na ukiigusa mbali na katikati yake kupita kama nusu ya njia kwenda ukingoni ncha inateleza, chaki au hamna chaki. Nimeteleza mara mbili usiku ule.

Kitu pekee nilichokuwa namzidi ni kupiga kupitia raba. Gemu ya kumi alinificha kabisa, nikahesabu alama za pembeni nikaupata mpira wangu kwa kugonga raba mbili, mtu mmoja akapiga kelele Efren Reyes! (Yule Mfilipino aliyekuwa bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa 1999, vijana wa hapa wanamjua kuliko mbunge wao.) Kidokezo kwa wanaojaribu: mpira hautoki kwenye raba kwa pembe uliyoingilia kila mara, ukipiga kwa nguvu unatoka wima zaidi, kwahiyo chagua spidi moja ya kupigia hizo shoti na uizoee hiyohiyo.

Katikati ya hayo, gemu ya kumi na moja, shoti nyingine ya polepole, nikakosa tena. Upande wa kaunta tena. Safari hii nikasema baridi.

6-6.

Gemu ya mwisho ilichukua nusu saa, hamna aliyetaka kukosea. Nikafika nyeusi kwanza, yeye kabakiza mmoja na nyeusi. Nyeusi iko kama mita moja kutoka shimo la kona, nyeupe iko nyuma yake karibu kunyooka. Ukipiga kwa nguvu nyeupe nzito ile inaifuata nyeusi mpaka shimoni na nimekufa, kwahiyo ni ya polepole tu, mpira ufike umechoka. Na polepole pale ni nyumbani kwangu. Nikataja shimo, nikalenga nje kidogo upande wa kaunta, nikijua mteremko utaurudisha dirishani uingie katikati kabisa. Nikapiga vizuri, naapa shoti ile nilipiga vizuri.

Nyeusi ikaenda imenyooka kama reli ya TAZARA. Ikagonga mdomo upande wa kaunta, ikasimama mlangoni.

Shemeji akaweka wake, akaweka nyeusi, akaning'iniza fimbo. "Pole shem," akasema, "we una mambo mengi mno kichwani." Nikalipa. Chipsi zenyewe zilikuwa za viazi vyake.

Asubuhi nikarudi na pima maji nikijifanya nimesahau bisibisi. Kipovu katikati, dadeki. Nikainama chini ya meza: mguu wa upande wa dirishani umewekewa karatasi ya boksi la soda iliyokunjwa. Dada wa kaunta akasema ni mwezi sasa, wateja walikuwa wanalalamika akaona awawekee. Kabla ya kila mechi nawaambia wateja wangu bingirisha nyeupe polepole mara moja kwenda na mara moja kurudi uone inalalia wapi, na mi sikubingirisha kwa sababu meza ni yangu. Nilikosa mara tatu, upande uleule, nikasingizia chaki na baridi.

Nikamuuliza shemeji kwa simu kama alijua. Akasema hakujua kitu, yeye aliona mipira inaenda ilipopigwa, akaipiga inapoenda.

Jumapili hii tunarudiana. Boksi nimeliacha palepale.